Maelezo ya Nyangau Ombui juu ya Memori Inayodaiwa Kuibwa

Jina: Nyangau Ombui. Umri: sabini na kitu, lakini nguvu ninazo. Kazi: soja wa mlango, duka la vifaa vya ujenzi la Harish, mjini Kisii. Makao: Masimba.

Mlango huo nimeulinda tangu Manish, mtoto wa Harish, akitambaa. Hakuna mwizi amewahi kunipita. Andika hivyo, afande.

Mnamo Jumatatu tarehe 8 Novemba 1999, asubuhi, Valentine Nyanchera, msichana wetu wa kompyuta, alikuwa anatengeneza seva mpya, ile mashine inayohudumia kompyuta zote za kaunta. Mimi nilikuwa karibu kwa sababu alikuwa ananimiminia chai. Kila siku ananipa chai, sukari nne, na si wa damu yangu.

Mzee Harish akamwambia, "Memori ni megabaiti mia moja ishirini na nane. Ipe programu yote, usiinyime."

Valentine akasema, "Hapana, Mzee. Programu inakaa ndani ya Java, chombo kinachoiendesha, na Java nikiiachia memori yote itameza yote. Mashine yenyewe itapumua na nini? Naiwekea mwisho sitini na nne."

Nikamwuliza, "Wewe, unaogopa ishibe?"

Akacheka. "Babu, kwenu huwa mnapakua obokima yote?"

Hapo nikaelewa kumshinda Harish. Ugali wetu hatuupakui wote. Kipande kinabaki cha aliye njiani. Marehemu mke wangu aliniwekea hicho kipande, amekifunika, miaka yote nikitoka kazini. Nilikunywa chai.

Jioni Mzee alisafiri Mombasa. Jana Manish akarudi kutoka Nairobi, akaona sitini na nne kwenye kioo cha seva, akapiga kelele, "Nilinunua mia moja ishirini na nane! Nusu umeuza wapi?" Valentine akaanza kueleza. Manish akasema, "Utaeleza polisi." Msichana amelala hapa kwenu.

Hiyo memori ingetoka, ingepitia kwangu. Fungueni seva muone.

Leo nimekuja na chai kwenye chupa. Nusu nimekunywa. Iliyobaki si yako, afande.

Hayo ndiyo niliyoona kwa macho yangu. Nimesomewa, nimekubali. Siondoki.

Alama ya kidole gumba: Nyangau Ombui

Maelezo yamechukuliwa nami, Konstebo Okemwa, tarehe 10 Novemba 1999. Seva imefunguliwa mbele ya mlalamishi. Vipande vyote vya memori vimo. Mshukiwa ameachiliwa saa nane mchana. Chai ilikuwa imepoa. Ameinywa yote.