Kola Kumi za Kosa Langu

Bamako, 2 Oktoba 2019

Mdogo wangu Nyeleni Keita,

Kabla hata ya salamu: nimekukosea. Sasa ndiyo nakusalimu. Hujambo? Mama hajambo? Sikasso wazima? Mimi nipo, panya wangu wa maabara nao wapo.

Wale panya watano wa chanjo yako ya DNA waliokufa kwa malaria hawakuwa wako. Wako walikufa kwa kiu. Tabaski, Idi ya kuchinja, ya mwaka juzi nilikaa nyumbani siku mbili nakula nyama, nikasahau maji ya sanduku la saba. Narudi, wamekauka. Nikachukua watano wasiochanjwa, nikawakata masikio alama zilezile, nikawaweka humo. Walipotiwa malaria, wakafa. Wale wa sanduku la nane, uliowachanja kweli, walipona wote watano.

Profesa akasema, "Nusu wafe, nusu wapone? Huyu binti mkono unamtetemeka, sindano haifiki kwenye msuli." Nilikuwa nimesimama palepale na ufagio. Nikaendelea kufagia.

Chanjo yako iliyobaki kwenye friza, isiyo na mtu wa kuiendeleza, itachomwa moto Ijumaa, tarehe 15 Novemba. Wamenipa mimi kazi ya kuichoma.

Nisamehe, mla kunde wewe. Lini Keita akamnyima mtani wake Koulibali?

Kaka yako na mtani wako,
Bakoroba Koulibali


Sikasso, 20 Oktoba 2019

Kaka Bakoroba,

Salamu zimefika. Mama hajambo. Mimi nakanda mafuta ya kokwa za mti wa shea, kwa mkono huohuo unaotetemeka.

Unakumbuka ulivyokwenda kuniombea msamaha? Nilikutuma mwenyewe, maana mtani akimwombea mtani wake hanyimwi. Ukabeba kola kumi, zile kokwa za kuombea radhi, nilizonunua mimi. Ukamwambia Profesa, "Huyu ni mtumwa wangu. Hawa Keita hata kijiko hawajui kushika, msamehe tu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Profesa akatafuna kola, akasema amesamehe, ila sindano nisiguse tena. Basi nikawa nimekiri, kwa mdomo wako.

Leo unaniita mla kunde ili nicheke tena? Ukiniomba kama mtani, siruhusiwi kukataa. Nami nataka niweze kukataa. Utani uweke pembeni.

Nyeleni


Bamako, 5 Novemba 2019

Nyeleni Keita,

Hujambo? Mama anaendeleaje?

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu, utani unatangulia. Nimezoea kujificha humo.

Sikuombi chochote. Mke wangu nimemwambia yote, na kuwa kazi huenda ikaisha. Akauliza, "Miaka miwili hii nimekuwa nikimpikia nani?"

Alhamisi tarehe 14, saa nne asubuhi, maabara nzima itakuwa kikaoni. Nitaweka mezani kola kumi, nilizonunua mimi, na daftari langu la maji ya panya, lenye zile siku mbili nilizojaza baadaye kwa kalamu ya rangi nyingine. Nitasema yote kwa jina langu, mbele ya Profesa, kabla mtu hajafungua friza.

Bakoroba Koulibali