Fomu Niliyoificha Chini ya Vifungo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu maana nimejikoroga mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nina binti wa miaka kumi na mmoja ambaye miguu yake haina nguvu tangu azaliwe, na alipofika umri wa kuanza shule mwalimu mkuu alituambia sheria haimlazimishi kumpokea mtoto asiyeweza kupanda ngazi, nikamjibu kwa hasira, basi nitampandisha mimi, na kweli huu mwaka wa nne kila asubuhi naacha kiti chake cha magurudumu kwa mlinzi, nambeba mgongoni ngazi thelathini na mbili hadi darasani, na jioni namfuata. Sasa imetoka sheria mpya, kwamba shule ndiyo ijipange kumfikia mtoto, na mwalimu mkuu yuleyule kanipa fomu niweke sahihi ili darasa lihamishiwe chini, nikafurahi mpaka machozi yakanitoka, halafu mshauri, nikaificha kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo, wiki ya tatu hii. Kisa nini? Nyumbani ni yeye na mama yake, mimi napita tu, lakini kwenye ngazi ananiambia yote, nani kagombana na nani, hesabu gani imemshinda, anacheka shingoni mwangu, na sitaki kukuficha, napenda pia walimu wanavyoniita baba wa mfano. Mwezi uliopita niliteleza tukanusurika kwa kushika ukuta, sikumwambia mtu. Mama watoto anadhani ofisi ndiyo inachelewesha, na ameapa Jumatatu anakwenda kumpasha mwalimu mkuu. Binti mwenyewe hana shida, ni mtoto asiyesumbua, asubuhi hata chai hanywi, na wakati wa mapumziko hukaa zake darasani na kitabu. Je, mimi ni baba mbaya?

Fundi Mgongo

Fundi,

Mbaya hapana. Mbinafsi kidogo, na hukuona ulichokiandika mwenyewe.

Soma tena mwisho wa barua yako. Mtoto hanywi chai asubuhi. Choo cha shule kiko wapi? Chini, bila shaka, na wewe unarudi jioni. Binti yako hajaichukia chai, baba, anajinyima asije akahitaji kushuka. Wala hakai darasani kwa kupenda kitabu. Anakaa kwa sababu mgongo wake uko dukani unashona suruali za watu.

Nakusema kwa kuwa nakuelewa. Marehemu dada yangu alikuwa haoni. Enzi zetu sheria ilimweka kwenye orodha ya watoto wasiofundishika, mlango ukafungwa. Mama yangu na wazazi wenzake walikwenda ofisi ya elimu miaka tisa, wanaketishwa benchi la nje, wanaambiwa njooni kesho. Sheria ilipobadilika dada alikuwa na miaka kumi na minane, akaanza darasa la kwanza na watoto wa miaka saba, magoti yanagonga meza, na hakukosa hata siku moja. Fomu yako ilianzia kwenye benchi lile. Nilipofika kwenye vifungo nilitamani nikuvute sikio.

Basi toa fomu, weka sahihi, ipeleke leo. Mwambie mkeo kabla hajamvamia mwalimu wa watu bure. Mwambie na binti, bila kujitetea. Ukitaka maongezi, msindikize shule, yeye kwenye kiti chake na wewe kando, mpite njia ndefu. Sheria haikukunyang'anya mtoto, imekuondolea ngazi tu.

Gazeti lisingewahi Jumatatu yako, kwa hiyo nilipiga ile namba uliyoiacha na kukusomea haya yote. Jana ukanipigia wewe. Darasa liko chini, mkeo alinuna siku mbili kisha akacheka, na asubuhi binti amekunywa vikombe viwili akaomba cha tatu, mkachelewa shule. Nilishusha pumzi, fundi, nikafurahi kama wa kwangu.

Kuanzia kesho mwamshe mapema kidogo, anywe chai yake yote.