Vijiwe vya Mama Ntilie

Mjukuu wangu Nakunda,

Marahaba. Huku Vudee hatujambo, babu yako anapalilia maharage. Unauliza kama umzuie asikupigie tena simu yule mteja anayelalamikia viatu ulivyomuuzia?

Usichanani niliuza mchele wa Ndungu sokoni Same. Kila gulio mama ntilie mmoja aliniletea vijiwe alivyochambua kwenye mchele wangu, kavifunga kwenye pindo la khanga, akavimwaga mezani mbele za watu. Siku moja nikamfukuza. Mchele ukadoda. Mwishowe nikauchambua, nikampelekea kibandani kwake.

Akasema, "Wateja wenzangu walikuhama kimya kimya, binti. Mimi nilileta vijiwe kwa sababu nilitaka kuendelea kununua kwako."

Huyo wa viatu, mpigie leo.

Bibi yako