Sauti ya tata nimeifuta miye mwenyewe

Lubumbashi, commune ya Kenya

Kwa mudogo wangu Mwansa, kule Lukafu,

Nakusalimia na mikono mbili. Mugongo imepona, ule uliumia siku baiskeli ya makala ilikuangusha? Na mihogo ya mwaka huu iko namna gani? Miye niko muzima. Meno tu njo inanikimbia, lakini bado natembea kushinda bijana ba huku.

Ningekupigia telefone, lakini ku telefone ungenikata neno. Barua haikatwi. Nimeiandika na mukono yangu, siku tatu, hakuna muntu alinisaidia.

Kazi yangu unaijua. Ni ile radio ya hapa mu mutaa yetu ya Kenya, inatangaza bantu bakikufa, matanga iko wapi, familia ikusanyike. Niliingia pale kuchunga jenereta. Leo miye njo naamusha mashini kubwa ya mu chumba cha baridi. Kila amri niliichora mu kaye, daftari yangu, alama kwa alama: hii inaamusha mashini, ile inatoa matangazo hewani. Bantu ba diplome balipita pale, bakaenda. Miye nikabaki. Bote bananiita Ingénieur, injinia kabisa, na miye naitika.

Sasa Madame Kapinga, mukubwa ya radio, mutoto ya kabila ya Bakasai, amesoma mpaka masomo ikaisha, akaweka musaidizi mu mashini. Banaita IA, akili ya mashini. Si muntu. Unaandika neno pa ekra, kioo nyeusi ya mashini, anakujibu kwa maandishi, anatafuta ugonjwa ya mashini, ukimukubalia anafanya kazi.

Madame akasema: "Papa Ingénieur, huyu atakupunguzia muzigo."

Nikamujibu: "Muzigo yangu sijalalamika. Mumupe bale banasinziaka."

Bakacheka bote. Nilifurahi, mupumbafu miye.

Siku ya tatu mashini ikajaa. Matangazo haiingie tena. Familia moja ilikuwa imesimama pa mulango na karatasi ya marehemu yao. Madame akakuja nyuma ya kiti yangu, na batangazaji babili.

"Papa, nikusaidie kusoma?"

"Madame, hii mashini nilikuwa naisoma wakati weye banakubeba ku mugongo!"

Nikamuandikia musaidizi kwa Kifaransa, yale maneno yangu ya kaye. Akaleta liste murefu, yote Kifaransa, na swali chini yake. Mwansa, nakuambia kintu sikuambia hata marehemu bibi yangu: Kifaransa sijui kukisoma. Natambua sura ya neno tu, kama vile unatambua mbuzi ya jirani. Kaye yangu yote ni sura. Tangu zamani mashini ikiniuliza najibu oui, ndiyo, na haikunipata na mubaya. Nikaandika oui. Akauliza tena, maneno mafupi sasa. Nikakohoa kama muntu ya kufikiri. Oui.

Nafasi ikapatikana. Marehemu wa watu akatangazwa. Madame akanipigia makofi.

Mu bile bilifutwa kulikuwa sauti ya tata, baba yetu. Ile nilichukua na telefone pa kitanda chake, tukiwa babili tu, anasema nani atapokea jina lake akikufa. Niliificha mu mashini ya radio, juu ya vile telefone inaibiwa, mashini haiibiwi. Ile familia yote munangoja kusikia, siku ya kupokea jina.

Jumapili nikaitafuta nikuletee. Hakuna. Nikamuandikia musaidizi kwa Kiswahili, na hasira: "Weye mwizi, sauti ya tata yangu iko wapi?"

Akajibu kwa Kiswahili! Kiswahili ya mu bitabu, lakini nilisoma yote, polepole, na kidole.

"Pole sana, mzee. Nimesoma kumbukumbu za siku ile. Niliuliza mara mbili kama nifute hata faili yenye jina lako, kwa kuwa sikuona nakala yake. Matangazo mapya yameshaandikwa juu yake. Siwezi kuirudisha, na sitakudanganya. Ungeniambia, ningekuuliza kwa Kiswahili."

Hili neno la mwisho njo linaniuma kushinda yote. Miaka yote hakuna muntu aliniuliza kwa Kiswahili. Na miye sikuomba.

Sasa bazee batasema: Chola amefuta kusudi, juu alitaka jina. Nililitaka, ndiyo. Nilibishana mbele yenu, nikapiga kifua, miye ni wa kwanza, miye ninajulikana mu muji. Lakini ile sauti nilikuwa naisikiliza peke yangu, na sikuwaambia ilisema nini. Nilingoja tata aseme mwenyewe, kinywa changu kisiseme.

Basi sasa kiseme. Tata alisema: "Jina langu mupe Mwansa. Chola anasema sana, na jina langu limechoka kelele." Kisha akakohoa, akaomba maji.

Hii barua isomwe kwa sauti mbele ya bote. Bakisema Chola ni muongo, uwaulize: muongo gani anadanganya ili apoteze?

Unisalimie shangazi yetu wa pombe ya munkoyo, na mama ya batoto yako, na mwalimu ya kanisa atakayekusomea. Asiruke mustari hata moja. Ku kaburi ya tata, umwambie kilichotokea. Miye sitaweza.

Jina ni lako, lichunge muzuri.

Miye yaya yako, kaka mukubwa,
Chola, Ingénieur. Hili la radio muniachie, sina lingine.