Viatu Visivyonyamazishwa

Vesterbro,
Kopenhagen.
9 Machi

Mpendwa Mama Mkubwa Marjun,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni tangu utotoni. Ni miguu ya watu kwenye mbao za ukumbi wa Klaksvík, huko kwetu kisiwani, siku ulipoolewa. Mama alikuwa amenilaza chumba cha pembeni juu ya rundo la makoti ya wageni, nami nikajifanya nimelala. Nyimbo hazikupenya vizuri ukutani, lakini miguu ilipenya. Watu wazima wote, wameshikana mikono kwenye duara la ngoma yetu ya kale, wanakanyaga kama mtu mmoja mwenye uzito wa nyumba. Utaona mbele kwa nini nimeanza na hiyo.

Lakini salamu kwanza. Hamjambo huko? Goti la Baba Mkubwa Hanus limeanza kukubali ngazi? Kondoo je, wameivuka baridi? Mimi mwili ni mzima, hilo usiwe na shaka nalo. Nyama yenu ya kukaushwa kwa upepo ilifika salama. Msichana ninayeishi naye alifungua kabati akaniuliza, "Sunniva, kuna mtu amefia humu?" Nikamwambia ndivyo kwetu kunavyonukia. Sasa naona inapungua nisipokuwepo.

Mama hajambo, mgongo umetulia. Tafadhali, haya nitakayokuandikia usimwambie kwenye simu. Nitamwambia mwenyewe nikipata pa kuanzia.

Mwaka huu, Mama Mkubwa, kundi letu la baleti limenipa kutunga dansi. Siyo kucheza, kutunga. Ni dansi fupi ya wachezaji sita, katika onyesho la majira ya kuchipua. Wewe unakumbuka nilivyokuwa nikifukuzwa darasani kwa kubadilisha hatua nilizofundishwa. "Sunniva, hujaombwa mawazo, umeombwa mguu." Miaka yote hiyo nilitoa mguu na mawazo nikayameza. Torkild, mkurugenzi wetu, aliponiita ofisini kwake na kuniambia nijaribu, nilitoka nje nikasimama kwenye baridi bila koti, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Sikujua kwamba kutunga ni kuachwa nje. Jana ulikuwa kwenye mstari na wenzako, unalalamika nao, unaazima plasta za vidole. Leo ukiingia chumba cha kuvalia maongezi yanakatika. "Kaeni wima, bosi kaja," anasema Asger, mmoja wa wachezaji wangu sita, na wote wanacheka, nami nacheka, kisha kila mmoja anainamia viatu vyake.

Aliyebaki kuniongelesha kama zamani ni Vibeke. Ndiye anayecheza nafasi ya katikati. Ana miaka thelathini na tisa, na kwetu hapa mchezaji akifika arobaini anapewa maua na kuagwa. Dansi yangu ndiyo mpya ya mwisho atakayotungiwa. Niliitunga juu ya mwili wake: jinsi anavyochelewa kidogo kugeuza kichwa, jinsi anavyotua. Mwingine yeyote akiicheza inakuwa nguo ya kuazima.

Kwenye chumba cha mazoezi ilikuwa nzuri, nakuapia. Tukahamia jukwaani, ikafa.

Kosa ni langu, na nilikaa siku kadhaa kabla ya kuliona. Sisi hukua mbele ya kioo. Ukuta mzima ni kioo, tangu tukiwa wadogo. Nami nilitunga nikiwa nimewapa wachezaji mgongo, nikiwatazama humo kiooni, nao wakitazamana humo humo. Hakuna aliyekuwa anamwangalia mwenzake, wote walikuwa wanaangalia picha zao. Jukwaani hakuna kioo, kuna giza la viti tu. Vibeke akaruka kumwendea Asger, na Asger hakuwepo. Alianguka kwa nyonga. Nilisikia ule mshindo nikiwa safu ya saba ya viti, anapokaa mtunzi.

"Mume wangu kanikimbia!" akasema akiwa bado chini, na watu wakacheka. Aliposimama akashika nyonga, wakaacha kucheka.

Sijui nikueleze vipi ile safu ya saba. Miguu yangu ilikuwa inacheza chini ya kiti. Mwili wangu unaijua kila hatua na haumo. Naona mtu anakwenda kukosea, namwona kabla yeye hajajua, na hakuna ninachoweza kufanya ila kushika kiti cha mbele.

Nikafunika kioo cha chumba cha mazoezi kwa pazia. Mambo yakaharibika zaidi. "Umetufunga macho, dada," Asger alisema. "Nirudishie kioo changu, angalau nijue kama nina kichwa." Nikawashikanisha mikono kwenye duara, kama ninyi. Ikawa pambo. Niliona haya, Mama Mkubwa, kana kwamba nimekuibia kitu chako na kukivalisha utepe.

Ndipo Torkild aliponiita tena. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua.

"Ingia wewe katikati," alisema. "Hatua unazijua, wenzako watakufuata, watazamaji wanakupenda. Vibeke apumzishe hiyo nyonga."

"Na nisipoingia?"

"Msimu ujao siwezi kukuweka huku na huku, binti. Ama uko jukwaani, ama uko safu ya saba. Na dansi hii ikianguka, safu ya saba nako sijui."

Nilimkuta Vibeke ngazi za nyuma, anafanya tunachofanya wanawake wote: kupigiza viatu vipya kwenye zege. Viatu vyetu vya kusimamia vidole vina ncha ngumu, vikiwa vipya vinagonga kama nyundo, kwa hiyo tunavipiga mpaka vinyamaze. Mtazamaji asisikie kwamba tuna uzito. Alikuwa ameshasikia habari.

"Ingia kama unataka, shoga. Sitakununia," alisema bila kuacha kupiga. "Ila usije ukaniambia ni kwa ajili ya nyonga yangu."

Nilikuwa nasikiliza kiatu. Paa, paa, kwenye zege, kama ile miguu ya harusi yako. Nikamwomba aache, asivinyamazishe.

Keshoye wote sita walivaa viatu vipya visivyopigwa, hata wanaume, ambao kwa kawaida hawavivai. "Tumekuwa farasi wa polisi," alisema Asger. Kulikuwa na kelele za aibu, na Torkild akachungulia mlangoni, akaondoka. Lakini mara moja, kabla ya mwisho, Vibeke aliruka bila kuangalia popote, kwa sababu alimsikia Asger alipo. Akadakwa. Nywele zilinisimama. Walipoirudia wakagongana.

Basi nilichonacho ni hicho, Mama Mkubwa: mara moja. Onyesho ni mwezi ujao na sijui kama itatokea tena. Najaribu kumwomba Mungu, lakini hata maneno ya kuomba naona ni ya mtu anayecheza, si ya mtu aliyekaa.

Mama alihama Klaksvík kwa ajili ya miguu yangu. Alikaa kwenye benchi la shule ya baleti baridi baada ya baridi, anafuma, ananisubiri. Ndiyo sababu nakuandikia wewe kwanza.

Nisalimie Baba Mkubwa Hanus na lile goti lake, na Rannvá na watoto, na Bibi Sigga ukienda kumwona; mwambie soksi zake ndizo nilizovaa nikiandika. Mungu awalindieni paa upepo ukija, na awape usingizi mzuri.

La mwisho. Leo asubuhi nilikwenda kwa Torkild nikamwambia Vibeke anacheza, na viatu vitagonga. Kisha nikaenda chumba cha kuvalia, nikatoa vitu vyangu kabatini, nikabandua jina langu mlangoni, na ufunguo nikamrudishia mlinzi. Akaniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana, nimehamia safu ya saba.

Mtoto wako akupendaye hata akiwa kimya,
Sunniva