Mwele wa Cucu na Ndege Kumi na Saba

Jumatatu, 17 Desemba 1973
Siku ya nne juu ya ulingo. Koo limekauka kwa kupiga kelele. Mwanangu Murimi, miaka minane, akirusha kwa teo, udongo unamwangukia dada yake. Huko Nyeri walimu wenzangu wanalala mpaka saa tatu, likizo. Sisi saa kumi na mbili tuko huku chini ya Kerugoya, katikati ya shamba la mama mkwe, tunafukuza ndege.

Silalamiki. Mwele huu, yaani mawele, ni wa uji wa wageni watakaoleta mahari ya wifi yangu Micere, mwezi ujao. Mama mkwe, Cucu kwa watoto, ameniachia shamba zima. Miaka kumi na miwili ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza. Ati mwalimu hajui shamba. Ataona.

Jumanne, 18 Desemba
Nimepata wazo. Ndege akitua, tusimfukuze papo hapo. Kwanza tumtazame, tumchore kwenye daftari: mdomo, miguu, rangi. Ndipo teo. Wanjira, dada mtu, miaka kumi na mmoja, alirukaruka. Kumbe mnana dume ana uso mweusi kama aliyechungulia ndani ya sufuria! Miaka yote nafundisha viumbe na sikujua. Ndege saba leo.

Alhamisi, 20 Desemba
Kumi na wawili. Ugomvi pia. Murimi anasema chiriku ana mstari wa manjano juu ya jicho, Wanjira anasema ni uchafu. Tukanyamaza nusu saa tukimngoja arudi. Akarudi. Na wenzake. Murimi alikuwa sawa, sasa anatembea kama chifu.

Sijafurahi hivi na watoto wangu tangu wazaliwe.

Ijumaa, 21 Desemba
Kumi na saba! Hata wa kichwa chekundu. Hatujapiga kelele tangu asubuhi.

Jumamosi, 22 Desemba
Ngai wangu. Murimi alishuka kuokota unyoya, akaniita. Upande wa mtoni, mstari baada ya mstari, masuke yamebaki vijiti vitupu. Kutoka ulingoni huwezi kuona. Karibu nusu ya shamba. Siku nne tumekaa kimya ili wageni wetu wale vizuri. Mjinga ni mimi, si mwingine.

Niliwakataza watoto kusema. Wanjira aliniangalia tu. Hapo niliona haya kuliko aibu ya mwele.

Jumapili, 23 Desemba
Kanisani sikusikia neno. Wakati wa chakula Cucu akauliza, mwele unaendeleaje? Nikasema uko salama. Mbele ya watoto. Nilishindwa kumaliza sahani.

Jumatatu, 24 Desemba
Nimemwambia. Asubuhi, jikoni, kabla chai haijachemka. "Maitu, mama yangu, ndege wamekula mwele. Mimi ndiye niliyewaacha, ili tuwachore kwenye daftari."

Alichukua fimbo, akazunguka shamba lote, mimi nyuma. Kila kijiti kitupu alikigusa kwa fimbo. Afadhali angenitukana. Tuliporudi akataka hilo daftari. Hajui kusoma, lakini alifungua ukurasa mmoja mmoja, polepole, akilamba kidole. Kwa mnana akasimama.

"Huyu nimemfukuza tangu nikiwa msichana," akasema. "Sikuwahi kumwona uso."

Nikadhani yameisha. Wapi! Uji utachanganywa na mahindi, akasema, na mimi ndiye nitakayewapelekea wageni, nikiwa nimesimama, niwaeleze sababu. Kwa mdomo wangu. Micere amecheka mpaka akashika ukuta. Acha acheke. Nimestahili, na chakula kinashuka tena.

Jumatano, 26 Desemba
Baridi. Sikukuu imetuchelewesha. Tulipofika shambani Cucu alikuwa ameshapanda ulingoni, peke yake, na umri wote ule. Teo mkononi, udongo ndani yake. Akatuinulia kidole tunyamaze.

Mnana mmoja juu ya suke. Cucu alimwacha ale. Alimwacha mpaka ndege akageuka upande wetu, naye akamtazama uso vizuri. Ndipo akarusha, akapiga ukelele uliosikika ng'ambo ya mto.

Halafu akasogea atupe nafasi tukae.