Ombi la Kocha Lazare

Jerotich, nimetoka kikao cha ligi sasa hivi na bado siamini.

Unamjua Lazare, kocha wa timu ya Warundi wanaoishi Smithfield. Kundi lao halikutani na letu mpaka fainali, naye anatamani sana kucheza na sisi, kwa hiyo leo akaomba makundi yachanganywe. Mwenyekiti wetu Clifford akakubali papo hapo. Papo hapo, nakwambia.

Halafu akaziweka mechi zao zote na sisi Jumapili asubuhi. Anajua vizuri timu ya Lazare ndiyo kwaya ya kanisa lao. Akaongeza, "Asiyefika anapoteza pointi."

Watu wakacheka. Lazare alikuwa bado anashukuru aliposikia hayo.

Clifford akamwambia, "Kocha, tufungie kikao kwa maombi."

Lazare akaomba. Akambariki Clifford kwa jina. Clifford akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.